Waliokatiza masomo: Mlango wa kurejea shuleni uko wazi, muda ndio unaopungua

Na Mwandishi Wetu, Handeni

TAREHE 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, wataruhusiwa kurejea katika shule za mfumo rasmi. Uamuzi huo uliwekwa katika Waraka wa Elimu Na. 2 wa Mwaka 2021, na mapema mwaka 2022 Wizara ikatoa mwongozo wa utekelezaji wake kwa wakuu wa shule, maafisa elimu na viongozi wa Serikali za Mitaa.

Wananchi wengi wanaifahamu sehemu ya kwanza ya tangazo hilo, yaani ruhusa ya kurejea. Sehemu isiyofahamika sana ni ukomo wake. Ruhusa hiyo inamhusu mwanafunzi anayerejea ndani ya miaka miwili tangu alipokatiza masomo. Hesabu ya miaka hiyo inaanza siku mtoto anapoacha kuonekana darasani. Haisubiri siku mzazi anaposikia habari za Waraka, wala siku anapopata fedha ya sare.

Kwa kata za vijijini kama Kang'ata, iliyopo katika Halmashauri ya Wilaya ya Handeni mkoani Tanga, na kwa vijiji vya wilaya jirani ya Korogwe, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi darasani au atabaki nje ya mfumo rasmi. Makala haya yanaeleza Waraka ulibadilisha nini, miaka miwili hupotelea wapi, na mzazi au mlezi anapaswa kuanzia wapi.

Hali ilivyokuwa kabla ya Waraka

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, ya mwaka 1978 inampa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni za uendeshaji wa shule. Kanuni zinazohusu kufukuzwa na kusimamishwa kwa wanafunzi zilitungwa mwaka 2002. Zinataja sababu zinazoweza kumfanya mwanafunzi afukuzwe: utovu wa nidhamu wa kudumu na wa makusudi unaohatarisha nidhamu au jina jema la shule, makosa ya jinai kama wizi, uharibifu wa mali na matumizi ya dawa za kulevya, kosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa.

Neno "ujauzito" halikutajwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi maneno "kosa dhidi ya maadili" yalitafsiriwa kuwa yanamhusu pia msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi. Tafsiri hiyo iligeuka kuwa utaratibu, na utaratibu ukazoeleka hadi ukaonekana kama sheria yenyewe. Msichana aliondolewa katika daftari la mahudhurio, na njia iliyobaki ilikuwa shule binafsi kwa mwenye uwezo, au elimu nje ya mfumo rasmi.

Waraka wa mwaka 2021 uliuondoa utaratibu huo. Mwaka uliofuata, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, chombo cha Umoja wa Afrika, nayo ilitoa uamuzi katika shauri lililohusu wasichana wa Tanzania walioondolewa shuleni kwa ajili ya ujauzito, ikitaka wasichana hao warejeshwe na ndoa isiwe sababu ya kumfukuza mwanafunzi. Kwa hiyo mwelekeo wa ndani ya nchi na ule wa bara zima unafanana: mtoto aliyepata mkwamo hapaswi kupoteza elimu yake kwa sababu ya mkwamo huo.

Tanzania Bara haikuwa ya kwanza. Zambia iliruhusu kurejea mwaka 1997. Kenya ilianza mwaka 1994, kisha ikatoa mwongozo mpya wa kitaifa mwaka 2020, na mwaka huohuo Sierra Leone ikaondoa katazo lake. Uzoefu wa Kenya una somo kwetu. Kwa miaka mingi ruhusa ilikuwepo kwenye karatasi, lakini walimu wakuu na wazazi wengi hawakuijua au kila mmoja aliielewa kwa namna yake. Ruhusa isiyofika kijijini haina tofauti kubwa na katazo.

Mazingira ya Kang'ata na wilaya jirani

Wilaya ya Handeni ni ya wakulima na wafugaji. Mahindi ndiyo zao kuu la chakula, na mvua isiyotabirika huifanya kaya moja kuwa na akiba mwaka huu na kukosa mwaka unaofuata. Wilaya hiyo pia ina dhahabu, na eneo la Magambazi linajulikana kwa uchimbaji. Korogwe ina mashamba ya mkonge na miji iliyokua kandokando ya barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Arusha na reli ya Tanga. Kila moja ya shughuli hizo huhitaji nguvu kazi, na mtoto wa miaka 15 au 16 huonekana na wengi kuwa ni nguvu kazi tayari.

Mazingira hayo huzaa makundi matatu ya wanafunzi wanaoondoka shuleni kabla ya kumaliza Kidato cha Nne.

Kundi la kwanza ni wasichana waliopata ujauzito au walioozeshwa. Kundi la pili ni watoro wa muda mrefu, wengi wao wavulana, waliokwenda machimboni, machungani, mashambani au kwenye bodaboda. Hawa hakuna aliyewafukuza. Walipungua darasani siku moja baada ya nyingine hadi majina yao yakakosa wa kuyaitikia. Kundi la tatu ni waliosimamishwa au kufukuzwa kwa makosa ya nidhamu.

Makundi haya huchanganywa sana katika mazungumzo ya mitaani. Mzazi husema "mwanangu alifukuzwa", na anapoulizwa barua ya kufukuzwa, hana. Mara nyingi mtoto alirudishwa nyumbani akamlete mzazi, mzazi hakwenda, mtoto akaona haya kurudi peke yake, na wiki zikawa miezi. Kisheria mtoto huyo hajafukuzwa. Kusimamishwa ni hatua ya muda yenye mwisho wake. Kufukuzwa katika shule ya sekondari ni uamuzi unaopitia Bodi ya Shule, na uamuzi wa namna hiyo huwa na kumbukumbu. Mzazi asiye na hakika anayo haki ya kumwuliza Mkuu wa Shule kwa maandishi: mwanangu yuko katika hali gani kwenye kumbukumbu za shule, na tangu lini? Jibu la swali hilo ndilo mwanzo wa safari ya kurejea.

Miaka miwili hupotelea wapi

Tuchukue mfano wa kufikirika wa msichana wa Kidato cha Pili katika kata ya vijijini. Anaacha kwenda shule mwezi Agosti, ujauzito ukiwa na miezi minne. Anajifungua Januari. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, hivyo kipindi hicho kinaisha Julai. Tayari miezi 11 kati ya 24 imekwisha.

Hapo ana nafasi tatu zinazoendana na kalenda ya shule. Ya kwanza ni kuingia muhula wa pili unaoanza Julai ile ile, akiwa na mtoto wa miezi sita. Ya pili ni Januari inayofuata, mwaka mpya wa masomo unapoanza, na wakati huo miezi 17 itakuwa imekwisha. Ya tatu ni Julai ya baadaye, mwezi mmoja kabla ya miaka miwili kutimia.

Kwa mwanafunzi aliyeacha akiwa bado hajafanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, nafasi yenye mantiki zaidi ni ile ya Januari, kwa kuwa ataanza mwaka wa masomo sambamba na wenzake na kuufanya upimaji huo mwishoni mwa mwaka. Kwa maneno mengine, miaka miwili inayosikika kuwa mingi ina Januari moja tu anayoweza kuitumia vizuri. Familia ikiikosa hiyo kwa kusubiri mavuno, kwa kutojua au kwa kuona haya, mtoto hubakiwa na nafasi ya mwisho ya katikati ya mwaka, na baada yake mlango wa mfumo rasmi unafungwa.

Wavulana nao wanaihesabu miaka hiyohiyo, ingawa kwao hakuna tukio linaloikumbusha familia kuhesabu. Kijana aliyeondoka kwenda machimboni hutuma fedha nyumbani mara moja moja, na fedha hiyo huizuia familia kuuliza. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 katika mgodi. Mwajiri anayempokea mtoto machimboni anavunja sheria, na kila mwezi mtoto huyo anaokaa shimoni unakatwa katika miaka yake miwili.

Ukimya unaokula muda

Kuna sababu nyingine ya ucheleweshaji ambayo haizungumzwi kwa uwazi. Mwaka 2016 Bunge lilifanya marekebisho katika Sheria ya Elimu na kuongeza kifungu cha 60A. Kifungu hicho kinamfanya mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa ametenda kosa la jinai ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Ni kosa pia kumwoa au kumwoza mwanafunzi, na anayesaidia au kushawishi ndoa ya namna hiyo naye anawajibika.

Lengo la sheria hiyo ni kumlinda mtoto. Hata hivyo, katika vijiji ambako mhusika anaweza kuwa jirani au ndugu, familia mbili hukaa na kulimaliza jambo nyumbani kwa ng'ombe au fedha. Makubaliano hayo husimama juu ya sharti moja, nalo ni ukimya. Mtoto hupelekwa kwa shangazi wilaya nyingine, na shule huambiwa amehama au anaumwa. Kwa kuwa shule haijui ukweli, haiwezi kuanza utaratibu wa kumrejesha. Anayefichwa ili mkosaji asifungwe ndiye pia anayefichwa ili asirudi darasani.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Kesi ya jinai ni kati ya Jamhuri na mtuhumiwa. Kurejea shuleni ni haki ya mtoto. Moja halilisubiri jingine: mwanafunzi hahitaji hukumu itoke ndipo arudi darasani, na kurudi kwake darasani hakumfutii mtuhumiwa kosa. Mzazi anayeogopa kwenda shuleni kwa kudhani kuwa ataulizwa kwanza habari za kesi anampotezea mtoto muda ambao hautarudi.

Marekebisho hayo ya mwaka 2016 yanamtaka pia mkuu wa kila shule kutunza kumbukumbu na kuwasilisha kwa Kamishna wa Elimu au mwakilishi wake taarifa ya kina ya kila robo mwaka kuhusu matukio ya ujauzito na ndoa za wanafunzi, pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Taarifa hiyo iliwekwa kwa ajili ya kufuatilia wakosaji. Inaweza kufanya kazi ya pili bila kubadilishwa sheria. Orodha inayoonesha nani aliacha shule na lini ndiyo orodha ya wanaotakiwa kutafutwa, na tarehe iliyoandikwa humo ndiyo mwanzo wa hesabu ya miaka miwili. Afisa Elimu Kata mwenye orodha hiyo anaweza kujua, mwezi wa Novemba, ni watoto gani wa kata yake ambao Januari inayokuja ndiyo nafasi yao bora au ya mwisho. Halmashauri itakayoisoma taarifa hiyo kwa jicho hilo itawapata watoto kabla muda wao haujaisha.

Hatua za kurejea

Mzazi, mlezi au mwanafunzi mwenyewe anatakiwa kuanzia kwa Mkuu wa Shule aliyokuwa akisoma. Huko ndiko zilipo kumbukumbu za uandikishaji, mahudhurio na matokeo. Kwa aliye mbali na shule, au anayeona ugumu kufika peke yake, Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata au Afisa Elimu Kata anaweza kumsindikiza au kumwandikia utambulisho. Iwapo jambo halikutatuliwa shuleni, ngazi inayofuata ni Afisa Elimu Sekondari katika ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri.

Ni vyema ombi likawa la maandishi hata kama ni mistari minne, likitaja jina la mwanafunzi, kidato alichofikia, tarehe aliyoacha na tarehe ya ombi. Barua yenye tarehe ni ushahidi kuwa familia ilijitokeza muda ukiwa bado upo. Namba ya mwanafunzi katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania isipotee, kwa kuwa ndiyo inayounganisha kumbukumbu zake za shule ya msingi na sekondari, na ndiyo inayotumika anapohamishwa.

Uhamisho ni jambo la kufikiriwa mapema. Si kila mtoto anaweza kurudi katika darasa lilelile, mbele ya walewale waliomshuhudia akiondoka. Kwa msichana aliyejifungua, au kijana aliyeondoka baada ya ugomvi, shule ya kata nyingine inaweza kuwa na nafuu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule za sekondari katika kata nchini, na Mradi wa Kuboresha Elimu ya Sekondari, SEQUIP, umeendelea kujenga shule mpya. Chaguo hilo lipo, ila uhamisho nao una siku zake. Anayeuomba Desemba yuko katika nafasi nzuri kuliko anayeuomba Machi.

Kuhusu gharama, ada ya shule za sekondari za Serikali kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa tangu Januari 2016, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada iliondolewa pia kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Anayerejea naye hadaiwi ada. Yanayobaki mikononi mwa mzazi ni sare, madaftari na mahitaji binafsi. Hayo si madogo kwa kaya ya vijijini, hasa inapoongezeka gharama ya kumlea mtoto mchanga. Kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF zitoe taarifa ya mwanafunzi aliyerejea, kwa kuwa mahudhurio ya watoto shuleni ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa katika mpango huo.

Muda ukipita

Aliyevuka miaka miwili hajafungiwa elimu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, inatoa elimu ya sekondari kwa njia mbadala, na chini ya SEQUIP masomo hayo yametolewa bila malipo kwa wasichana walioacha shule. Masomo ya miaka minne husomwa kwa miaka miwili: hatua ya kwanza inachukua Kidato cha Kwanza na cha Pili, na hatua ya pili inachukua cha Tatu na cha Nne. Ambaye hakufikia Upimaji wa Kidato cha Pili hufanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa kifupi kama QT, kisha Mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani huo wa mwisho na cheti chake hutolewa na Baraza la Mitihani lilelile.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni ni sehemu ya mtandao wa vyuo vya aina hiyo vilivyoanza katika miaka ya 1970, ambavyo hutoa stadi za kazi. Kwa aliyekwama akiwa bado shule ya msingi, upo Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA.

Njia hizi ni za heshima na zimewafikisha wengi mbali. Lakini ziliwekwa kwa ajili ya asiyeweza kurejea katika mfumo rasmi, na zinadai mambo ambayo kijana wa kijijini hana kwa urahisi: nauli ya kufika kituoni, nidhamu ya kujisomea, na familia inayokubali kuwa anayesoma jioni baada ya kazi bado ni mwanafunzi. Shule ya kutwa ya kata ina mwalimu wa kila siku, wenzake wa kujadiliana nao na daftari la mahudhurio linalogundua anapokosekana. Kwa hiyo shule isimwelekeze kwenye elimu mbadala mtoto ambaye miaka yake miwili haijaisha kwa sababu tu darasa limejaa au kwa kuogopa maneno ya wazazi wengine. Kufanya hivyo ni kumnyima kwa ushauri kile ambacho Waraka umempa kwa maandishi.

Baada ya kuingia darasani

Kurejea hakuishii getini. Mwanafunzi aliyekaa nje mwaka mmoja amesahau mengi, na huwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake. Kijana aliyewahi kushika fedha yake mwenyewe huona kupiga mstari asubuhi ni kudharauliwa. Msichana mwenye mtoto huhitaji ruhusa anapougua mwanawe, na humhitaji bibi au dada nyumbani wa kubaki na mtoto hadi alasiri. Mambo hayo yasipopangwa kabla ya siku ya kwanza, mtoto huondoka tena, na safari hii huondoka kwa uamuzi wake.

Ndiyo sababu kila anayerejea anapaswa kukabidhiwa kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha mwenye jina, na mpango wa Shule Salama chini ya SEQUIP umelenga kuimarisha huduma hiyo katika shule za sekondari. Walimu wanaweza kufanya mengine bila gharama: kutomtaja mwanafunzi kama mfano mbaya mbele ya darasa, kumpa nafasi ya kurudia mada alizozikosa, na kumwita mzazi mapema anapokosekana siku mbili badala ya kusubiri miezi miwili. Kwa waliotoka katika kesi za nidhamu, makubaliano ya maandishi kati ya shule, mzazi na mwanafunzi kuhusu mwenendo unaotarajiwa humlinda kila upande.

Kwa nini miaka hii ni muhimu zaidi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake kwa mzazi ni kwamba Kidato cha Nne kinaelekea kuwa kiwango cha chini kinachotarajiwa kwa kila mtoto, na anayekosekana katika Kidato cha Pili atahesabiwa kama tulivyozoea kumhesabu anayekosekana Darasa la Tatu.

Mabadiliko hayo yana athari nyingine ya karibu. Mwaka 2027 wanafunzi wa Darasa la Sita wa mtaala mpya watamaliza pamoja na wa Darasa la Saba wa mtaala wa zamani, na makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza mwaka 2028. Serikali inaongeza madarasa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, ni wazi kuwa nafasi shuleni zitahitajika kuliko wakati mwingine wowote, na mwanafunzi anayestahili kurejea atakuwa salama zaidi akiwa tayari ndani ya darasa kuliko akiwa mlangoni na barua mkononi.

Kwa Kang'ata, Handeni na Korogwe kwa jumla, kipimo cha Waraka wa mwaka 2021 kitakuwa idadi ya watoto waliotafutwa na kupatikana kabla ya siku zao kwisha. Mtendaji wa Kijiji anajua nyumba ambayo binti hayupo. Mwenyekiti wa Kitongoji anajua kijana aliyekwenda machimboni. Mkuu wa Shule ana tarehe. Taarifa hizo tatu zikiwekwa katika meza moja kila mwisho wa muhula, kazi iliyobaki ni ya kwenda kubisha hodi.

Mzazi au mlezi mwenye mtoto aliyekatiza masomo anashauriwa kufanya jambo moja wiki hii: kuhesabu miezi tangu mtoto alipoacha, kisha kufika kwa Mkuu wa Shule au Afisa Elimu Kata akiwa na hesabu hiyo. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Katika jambo hili mwana ni wako bado, na darasa lake lipo, mradi miezi 24 haijatimia.